Mchanga wa Rozari Nzima

Kioo kilikuwa changu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Bukavu wanaposimulia habari za darubini ya lisee ya wasichana, wanaanza na Nsimire, wanaendelea na Nsimire, na wakifika mwisho wanamshukuru Mungu na Nsimire. Mimi, Akonkwa, fundi wa vioo kwa miaka thelathini na moja hapa Nyawera, hawanitaji. Wakinitaja sana ni "yule papa wa vioo", yaani yule baba wa vioo, basi. Nimeweka madirisha katika nyumba nyingi za Muhumba, nimeweka vioo vya makabati, vioo vya picha za harusi, vioo vya picha za marehemu, na leo nimekuwa yule papa.

Basi nitamsimulia Nsimire mimi mwenyewe. Nitajaribu kusema haki, ingawa haki hiyo inanikwama kooni.

Mambo yalianza na masera Eulalie, mtawa anayefundisha fizikia katika lisee hiyo, shule ya sekondari iliyo juu ya kilima. Alikuja kwenye karakana yangu siku ya mvua, viatu vimejaa matope, kwapani ana kitabu cha Kifaransa kilichofunikwa kwa gazeti. Alitaka darubini ya kutazama nyota, ili wanafunzi wake waache kukariri majina ya vitu wasivyoviona. Kuagiza kutoka Ulaya lilikuwa jambo la ndoto. Lakini kitabu kilisema kwamba darubini inaweza kutengenezwa kwa mkono, na moyo wake ni kioo kimoja kinene cha duara, kilichochimbwa katikati kwa kina kisichofika milimita mbili, kikang'arishwa mpaka kikusanye mwanga wote wa nyota mahali pamoja.

"Nimeulizia batu mu mji yote," alisema. "Kila mutu anasema, kama ni kioo, enda kwa papa Akonkwa."

"Banasema kweli, masera," nikamjibu, na kichwa kilivimba hata kofia ikanibana.

Kioo nilikitafuta mimi. Kulikuwa na boti la zamani likikatwakatwa kuwa chuma chakavu karibu na bandari, na ubavuni lilikuwa na dirisha la duara lililobaki zima, upana wake sentimita ishirini, unene wake zaidi ya mbili. Vioo vya namna hiyo vimetengenezwa kuvumilia mawimbi. Nilimbembeleza mlinzi siku tatu hadi akaniachia nikifungue. Nikamwaga simenti kwenye sahani, juu yake nikapanga vipande vya vigae vya chooni, hicho kikawa kisahani cha kusugulia. Nikajaza pipa la petroli mawe lisitikisike, nikaweka kisahani juu ya pipa, kioo juu ya kisahani, unga mkali katikati, nikaanza kusukuma kioo mbele na nyuma huku nikizunguka pipa. Ndivyo kitabu kilivyoagiza: usugue, uzunguke, usugue, na jiometri itajifanya yenyewe.

Unga mkali niliupata kwa mafundi wa magari, ile dawa yao ya kusugulia valvu, nikaichanganya na unga wa mawe ya kunolea visu. Nilizunguka pipa miezi minne. Wake za majirani walifikiri nimeweka nadhiri. Kioo kilichimbika, sikatai, lakini kila nilipokikaribia kulainika, punje moja kubwa ilijitokeza nisipojua, ikapita katikati na kuacha mkwaruzo. Nilirudi nyuma mara tatu. Mara ya nne masera Eulalie alikigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akasema kwa sauti ya upole ambayo sikuipenda, "Papa Akonkwa, ingali na mikwaruzo."

"Itatoka," nikasema.

Haikutoka. Na hapo ndipo Nsimire alipoingia.

Alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma ya karakana. Umri wake arobaini na tatu, mwembamba, mwenye kutembea kwa kuvuta miguu kidogo. Asubuhi alishuka ziwani kuchukua sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu, akapanda navyo milimani akivitangaza nyumba kwa nyumba, beseni kichwani. Mji wetu hauna barabara isiyopanda, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Yaliharibikia Luhwindja, alikozaliwa. Kuanzia umri wa miaka tisa alisimama na mama yake kwenye maji baridi ya mto, akiosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, mpaka alipoolewa, na baada ya kuolewa, na baada ya mumewe kwenda kutafuta bahati Shabunda na kusahau njia ya kurudi. Mashimo ya kwao yalipofungwa, akaja Bukavu akiwa na karai moja na rozari ya mbao. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Jambo hilo pia lilikuwa linaniudhi, maana mimi hulalamika kila siku na ninajua utamu wa kulalamika.

Siku hiyo nilikuwa naosha unga wangu kwenye ndoo. Alisimama na beseni lake tupu, akatazama, kisha akacheka kidogo, mkono mdomoni.

"Papa Akonkwa, unachanganya baba na batoto."

"Nini?"

"Muchanga mukubwa na mudogo unakoroga pamoja. Njo maana inakukwaruza. Uniachie, nitakutengea."

Nilimwachia kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu niliamini atashindwa. Hakuutaka hata unga wangu. Alituma mtu kwao Luhwindja amletee kifuko cha mchanga mwekundu mzito, ule unaobaki chini ya karai dhahabu ikishatolewa, ambao wachimbaji huutupa. Alisema mchanga huo unakula jiwe. Baada ya wiki moja akaniletea makopo matano ya maziwa ya unga, kila moja limeandikwa kwa makaa. La kwanza liliandikwa "Salamu moja", la pili "Salamu tano", la tatu "fumbo moja", la nne "mafumbo mawili", na la tano "rozari nzima".

Nilidhani ni ushirikina. Akanieleza, na maelezo yalikuwa mepesi hata nikaona haya. Unakoroga mchanga kwenye ndoo ya maji. Punje kubwa zinashuka upesi, ndogo zinachelewa. Ukingoja Salamu Maria moja, kubwa zote zimekwisha lala chini, nawe unavuta maji machafu yaliyobaki juu kwa mrija na kuyatia ndoo nyingine. Huko unangoja Salamu tano. Halafu fumbo moja la rozari, yaani Salamu kumi na Baba Yetu wake. Kadiri unavyosali, ndivyo mchanga unaobaki ukielea unavyozidi kuwa laini. Unaoelea hata baada ya rozari nzima, mafumbo yote matano, ni laini kuliko unga wa muhogo.

"Juu ya nini usitumie saa ya telefone?" nikamuuliza.

"Telefone inakuambia ungoje, lakini haishike mikono," alisema. "Mikono ikikaa bure inagusa ndoo, na maji ikitikisika, yote inaharibika. Rozari inashika mikono."

Alikuwa amemuuliza padri kama ni dhambi. Padri alifikiri, akamjibu kwamba mradi sala inasaliwa vizuri, mchanga hauwezi kuidhuru.

Kuanzia hapo kioo kiliniponyoka. Nilisugua mimi kwa kopo la kwanza na la pili, lakini masera Eulalie alipomwona Nsimire akijaribu kidogo, akasimama kando na kutazama. Mkono wa Nsimire ulikuwa mwepesi. Alizungusha kioo kama anavyozungusha karai, bila kukikandamiza, akisikiliza. Mimi nilikuwa nasukuma kwa mabega. Masera akasema, "Papa Akonkwa, ungemuachia maman Nsimire amalizie." Alisema "ungemuachia" na si "utamuachia", lakini nilielewa.

Sasa nitasema ukweli wa roho yangu. Wivu ulinishika, tena si ule wa kuchekesha. Ulikaa nami mezani na kitandani. Nilimwona mwanamke wa darasa la nne la msingi, ambaye hajawahi kushika almasi ya kukatia kioo, akisifiwa juu ya kioo changu, juu ya pipa langu, katika ua wangu. Masera alipokuja alisalimia hivi: "Maman Nsimire, kioo inaendelea aje? Jambo, papa." Nilihesabu maneno. Kwenye shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, siku ya sala nyumbani kwa jirani, kiongozi alisimama akatangaza kwamba maman Nsimire anatengeneza jicho la kutazama mbinguni, tumwombee. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nami nikapiga makofi, maana ningefanyaje, lakini viganja viliniuma kwa hasira.

Mke wangu Chantal alinitazama tulipokuwa tunarudi.

"Uko na jalousie," alisema, yaani wivu.

"Ya mutu wa sambaza?"

"Njo iyo iyo," akasema, akaongeza mwendo.

Halafu ikaja habari ya kazi. Lisee ilihitaji mtu wa kutunza chumba cha maabara: kusafisha vyombo, kutayarisha majaribio, kufunga makabati. Kazi ya kukaa chini ya paa, kwenye sakafu tambarare, kila siku hadi saa nane. Masera Eulalie alimtaja Nsimire kwa mkuu wa shule. Mkuu akasita, kwa sababu ya hiyo elimu ya msingi ya miaka minne. Wakakubaliana hivi: mkuu atakuja kuona kioo kabla ya shule kufunguliwa. Kikiwa kimekamilika kusuguliwa, kimekuwa laini na hakina doa, Nsimire atapewa nafasi. Kisipokuwa, atatafutwa mwingine mwenye vyeti.

Nsimire aliposikia, aliketi kwenye kizingiti cha karakana akayashika magoti yake yote mawili. Nilimwona akiyakanda polepole, na nilijua vizuri kabisa maana yake ni nini. Nilijua pia kwamba kazi ile ningeitaka mimi. Miaka thelathini na moja ya kubeba vioo mgongoni, na hakuna aliyewahi kuniambia mimi njoo ukae chini ya paa.

Zikiwa zimebaki siku tisa, alifiwa na mjomba wake huko Luhwindja. Ilimbidi aende kwenye kilio. Kopo la tano lilikuwa karibu kwisha, na kioo kilibakiza hatua hiyo moja tu, ya mchanga wa rozari nzima. Alikuja kwangu na ndoo ya mchanga uliokwisha korogwa, kitambaa cheupe juu yake.

"Papa Akonkwa, sina mutu mwengine. Kesho mangaribi utaikoroga tena, utasali rozari nzima, polepole, kama vile miye. Kisha utavuta maji ya juu mu beseni, uiache ilale hadi muchanga yote ishuke. Ukauke, utie mu kopo."

"Si kazi kubwa," nikamwambia.

"Najua. Njo maana nimekuja kwako."

Kesho yake ilikuwa Jumanne, siku ya mafumbo ya uchungu. Nilifunga karakana mapema, jua bado liko juu ya milima, nikakoroga ndoo, nikaketi kwenye kigoda na rozari ya Chantal. Fumbo la kwanza nililisali vizuri. Sisemi uongo, nililisali kwa moyo hata nikajisikia mtu mwema. Katika fumbo la pili wanawake wawili walisimama mlangoni, wageni, sijui wametoka mtaa gani.

"Hapa njo kwa maman Nsimire wa nyota?" mmoja akauliza.

"Ni kwa Akonkwa," nikasema. "Akonkwa wa vioo."

"Aa," akasema. "Basi tumepotea."

Wakaenda zao. Mimi nikabaki na shanga mkononi. Niliendelea, lakini haikuwa sala tena. Midomo ilikuwa inasema Salamu Maria na roho inasema kumbe hata mlango wangu umekuwa wake. Salamu zilikimbia moja juu ya nyingine. Fumbo la tatu, lile la taji la miiba, nililimaliza kabla sijajua nimelianza. Nikatazama saa ya ukutani, zilikuwa zimepita dakika saba tangu nikoroge, wakati rozari ya Nsimire huchukua zaidi ya ishirini. Nilijua. Sitamsingizia shetani wala uchovu. Ningeweza kukoroga upya na kuanza tena. Hakuna aliyekuwa ananifukuza. Nikaweka shanga mfukoni, nikachukua mrija, nikavuta maji.

Mchanga ulipokauka niliutia kwenye kopo lililoandikwa rozari nzima. Kwa macho haukuwa na tofauti yoyote.

Nsimire alirudi baada ya siku saba, amechoka, kitambaa cha kilio bado kichwani. Hakupumzika. Aliosha mikono, akanishukuru mara mbili, akafungua kopo, akatandaza mchanga kidogo na maji, akaanza kuzungusha. Mimi nilijifanya nakata kioo cha dirisha. Baada ya mizunguko kama thelathini nikasikia sauti, ndogo na kavu. Akasimama hapo hapo. Akakiosha kioo, akakipeleka mlangoni, akakiinamisha kwenye mwanga.

Ilikuwa mikwaruzo mitatu, mmoja wao kutoka ukingoni hadi karibu na katikati.

Masera Eulalie alifika alasiri. Alikiangalia kioo kwa muda mrefu, akauliza nini kimetokea. Nilifungua mdomo, lakini Nsimire alinitangulia.

"Ni miye, masera. Nimetoka ku kilio sikufua hata nguo. Vumbi ya kaburi ilikuwa mu kitenge yangu. Imeanguka mu muchanga."

Masera hakumlaumu. Alimshika bega, akaniomba tutoke nje kidogo. Tulisimama kando ya barabara, pikipiki zikipita, akasema kwa sauti ya chini, "Mukuu wa shule anakuya kesho kutwa. Kioo haitakuwa tayari, na sina namna ya kumuongopea. Atatafuta mutu mwengine. Papa Akonkwa, nilifikiri juu yako. Uko na ufundi, na miaka mingi, na batu banakujua. Ningeweza kutaja jina yako."

Jina langu. Nilikuwa nimelingoja mdomoni mwake tangu mvua ile ya kwanza. Nilimwambia nitafikiri, lakini nilikuwa nimekwisha fikiri. Tayari nilijiona na koti jeupe, funguo za makabati mfukoni. Furaha ilinijaa kiasi kwamba nilimsindikiza masera hadi kona, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Niliporudi, nilipita nyuma ya karakana kumtazama Nsimire. Sijui nilitaka kuona nini. Labda nilitaka kumwona mara moja tu akilalamika.

Alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji, na kuchuchumaa kwake kulikuwa kwa shida, mkono mmoja ukutani. Makopo yote matano yalikuwa mbele yake. La kwanza lilikuwa limelala ubavu, tupu, na maji ya mfereji yalikuwa mekundu yakishuka kuelekea barabarani. Alikuwa anafungua la pili.

"Unafanya nini?"

"Namwanga. Kama vumbi imeingia mu moja, imeingia mu yote. Yote ilikuwa mu chumba moja na nguo zangu."

Makopo yale alikuwa ameyajaza na kuyajaza tena kwa miezi. Nikahesabu haraka rozari zilizokuwa ndani ya makopo yale, nikashindwa.

"Lakini una uhakika ni vumbi?" nikasema. "Pengine uangalie kwanza."

"Kuangalia haisaidie. Muchanga hainaonekane na macho." Akaendelea kupambana na mfuniko. "Kila muchanga miye naonjaka na meno ya mbele. Kama ni laini, meno hainasikie kitu. Kama ni mubaya, inalia. Mama yangu njo alinifundisha. Hata muchanga yangu mwenyewe nikisha kusali, naonja."

"Na hii ya mwisho? Ulionja?"

Akanitazama kama nimemuuliza jambo la ajabu.

"Ile ulisali wewe," akasema. "Mutu akisha kukusalia muchanga, utauonja aje? Ni kumuambia, papa, ulisali vibaya. Hapana. Ile sikuonja."

Mfuniko wa kopo la pili ukatoka. Akaliinamisha.

"Acha," nikasema. "Nsimire, acha kumwanga."

Akangoja, kopo limeinama mkononi.

"Sikumaliza rozari. Haiko vumbi. Ni miye."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa hata na majibu yake, maana mtu mwenye wivu huwa na majibu ya akiba: kwamba kioo ni changu, kwamba pipa ni langu, kwamba hakuna anayenishukuru. Yote yalikuwa yamepangwa ulimini. Nsimire aliweka kopo chini, akalisimamisha vizuri lisipinduke.

"Ulifika fumbo la ngapi?" akauliza.

"La tatu."

"Ulisali polepole?"

"Mbio. Kutoka ya pili, mbio."

Akalichukua kopo la tano, akatia kidole, akaweka punje chache kwenye meno ya mbele na kuyasaga. Mlio wake niliusikia kutoka nilipokuwa nimesimama. Akatema.

"Hata haifiki mafumbo mawili," alisema. Alihesabu kwa vidole, midomo ikienda. "Tutarudi ku kopo ya tatu. Siku nne, tano. Kisha kopo ya nne. Kisha nitasali ingine." Akaanza kufunika makopo moja moja. Lile tupu alilitazama kidogo, akaliweka pamoja na mengine. Kisha ndipo alipouliza, bila kuninyanyulia macho, "Juu ya nini, papa Akonkwa?"

"Jalousie," nikasema. Lilikuwa neno la mke wangu. Sikuwa na jingine.

"Jalousie ya nini? Ya magoti yangu?"

Akanyoosha mkono, nikamsaidia kusimama. Alikuwa mwepesi kuliko kioo cha mlango.

"Utapanda kwa masera wewe mwenyewe," alisema. "Leo, mbele ya giza. Miye ile kilima siiwezi."

Nilipanda. Kilima kile nimekipanda mara nyingi nikiwa na vioo mgongoni, na siku hiyo nilikuwa mikono mitupu, lakini nilipumzika njiani mara tatu. Masera Eulalie alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa maabara. Sikupunguza kitu. Nilipomaliza, akasema, "Jina yako sitaitaja tena, papa. Utanielewa." Nikamwambia naelewa. Alikwenda kumweleza mkuu wa shule kwamba kosa halikuwa la mama yule, na mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaongeza wiki sita.

Kioo kilikamilika katika wiki ya tano. Nsimire aliking'arisha kwa utomvu wa msonobari na unga mwekundu wa kutu, masera akakipaka fedha kwa dawa za maabara na sukari, kikawa kioo kweli, chenye kurudisha uso wako ukiwa mkubwa na umepinduka. Jioni ya kwanza, saa moja, giza likiwa limeingia tu, tulisimama kwenye ua wa lisee na kutazama mwezi. Nsimire alitazama kabla yetu. Alikaa kwenye jicho la darubini kwa muda, akaondoka, akasema, "Kumbe huko pia bachimbaji bamefika." Watu wote walicheka, hata mkuu wa shule. Mimi nilipotazama na kuona yale mashimo, yamejaa kila mahali kama kwao Luhwindja, nilifikiria neno lile lile, ila nilikuwa nimechelewa. Iliniuma. Sijapona, msidhani nimepona.

Sasa ana koti jeupe na funguo. Anafanya kazi kwenye sakafu tambarare, na sambaza tunanunua kwa wengine. Masera amekwisha ahidi darubini kwa shule nyingine mbili, moja ya Idjwi, na kwa kuwa Nsimire hana tena nafasi ya kukaa na ndoo kila siku, mchanga ninausali mimi. Aliniomba yeye mwenyewe, na kila kopo nampelekea mkononi, maabara, mbele ya masera na mbele ya wanafunzi.

Wiki jana nilimpelekea la kumi na nne. Nilikuwa nimesali rozari nzima, polepole kuliko yeye, na litania ya Bikira Maria juu yake. Akanishukuru, akanipa kiti, akafungua kopo, na wanafunzi wakasogea karibu.

Akaonja.